Hatua za Muumini na Mtu wa Nyuma Msafarani

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kwa udongo, akatupa miguu ya kuendea na akili ya kuchagulia njia. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Leo tumekusudia kuzungumza juu ya safari ya miguu. Hatusemi safari ya mtu kwenda dukani na kurudi. Twasema mwendo mrefu, wa siku nyingi, wenye kiu, vumbi na malengelenge. Tangu zamani wanavyuoni wameifananisha imani na mwendo wa namna hiyo: muumini ni msafiri, dunia ni njia, na Akhera ndiyo kituo. Mfano huu tumeusikia mara nyingi hata pengine tumeacha kuuzingatia. Basi na tuurudie, tuupime kwa historia ya Uislamu na kwa historia ya nchi yetu wenyewe, tuone unatudai nini.

Anayeamka mapema hapa Temeke, kabla jua halijachomoza, husikia sauti mbili. Ya kwanza ni adhana. Ya pili ni vishindo vya miguu. Watu hutoka Mbagala, Mtoni na Tandika, wakaifuata Barabara ya Kilwa au wakapita vichochoroni, wengine wakielekea bandarini, wengine viwandani Chang'ombe, wengine sokoni Kariakoo. Mwaka 1974 liliundwa shirika la UDA ili liwabebe watu wa mji huu, na mwaka 1983 mabasi ya watu binafsi yaliporuhusiwa, watu waliyaita daladala kwa ajili ya nauli yake ya shilingi tano, yaani dala. Leo magari ni mengi kuliko wakati wowote uliopita. Hata hivyo, aliyekosa nauli bado hana gari ila miguu yake. Wako akina mama wenye beseni kichwani, wako wachukuzi, wako wanafunzi, ambao kwao maili nne au tano za alfajiri si mfano wa kitabuni. Ni maisha yao.

Tunaanza na watu hawa kwa sababu ni rahisi kuisifu safari ndefu ukiwa umeketi. Mithali yetu inasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huuona mwepesi. Kwa hiyo, kabla hatujasema kwamba mwendo mrefu ni mfano wa imani, yatupasa tuulize: Ni kitu gani hasa kinachoipa hatua ya mwanadamu thamani mbele ya Mola wake? Je, ni urefu wa njia? Ni uchungu wa miguu? Au ni jambo jingine?

Imepokelewa katika Hadithi sahihi kwamba watu wa ukoo wa Bani Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Mtume mjini Madina. Pakapatikana nafasi karibu na msikiti, wakataka kuhama ili wawe jirani nao. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.), aliwashauri wabaki majumbani kwao, akawajulisha kwamba nyayo zao zinaandikwa. Zingatieni, ndugu zangu. Hakuwaambia kwamba umbali ni adhabu. Aliwaambia kwamba kila unyayo walioupiga kwa ajili ya Sala unahifadhiwa kwa Mola. Mzee wa Yombo anayekokota miguu kwenda kwenye jamaa na fimbo yake mkononi, asidhani kwamba vumbi limezifuta nyayo zake. Zimeandikwa.

Jibu la kwanza, basi, ni kwamba hatua hupata thamani kwa nia. Lakini hilo si jibu lote. Na tuende mbele kidogo tuitazame njia ya Taif.

Ilikuwa yapata miaka mitatu kabla ya Hijra. Mtume (S.A.W.) alikuwa amefiwa na mkewe Bibi Khadija na ami yake Abu Talib, na Makureshi walikuwa wamemfungia milango. Vitabu vya sira husimulia kwamba alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Taif, ulio juu ya milima, mwendo wa kilomita zipatazo 90. Ni mbali kuliko kutoka hapa Temeke kwenda Bagamoyo. Alikwenda kuwaomba watu wa huko wamsikilize. Hawakumsikiliza. Waliwachochea wajinga na watoto wamtupie mawe mpaka damu ikachuruzika kwenye viatu vyake, akarudi Makka kwa njia ileile aliyoijia, bila ya mtu mmoja wa Taif aliyemfuata. Kwa hesabu ya macho, safari ile ilikuwa hasara tupu. Lakini miaka haikupita mingi, watu wa Taif wakasilimu.

Mara nyingi tunapoisimulia habari hii tunamsahau mtu wa pili. Mtume hakwenda peke yake. Alifuatana na Zaid bin Haritha, ambaye alijitia mbele ya mawe ili ayakinge, naye akajeruhiwa kichwani. Zaid huyu alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa Kiarabu aliyetekwa njiani akiwa na mama yake, akauzwa katika soko la Ukadh, akanunuliwa kwa ajili ya Bibi Khadija. Mtume alimwacha huru akamlea kama mwanawe. Baadaye Zaid akawa jemadari wa Waislamu, na akafa shahidi katika vita vya Mu'ta, mwaka wa 8 wa Hijra. Mtu aliyeburutwa safarini kwa nguvu utotoni mwake, alikuja kuchagua kwa hiari yake safari iliyo ngumu zaidi, akaukinga kwa mwili wake ujumbe wa Mwenyezi Mungu. Mkumbukeni Zaid, kwani tutakutana na mwenzake katika ardhi yetu hii.

Ndugu zangu, katika karne ya 19 nchi yetu ilipasuliwa na njia moja kubwa ya miguu. Ilianza Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata mbuga kavu za Ugogo, ikafika Tabora katika Unyamwezi, kisha ikateremka mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni zaidi ya kilomita elfu moja. Ng'ambo ya ziwa iliendelea mpaka Manyema, mashariki ya Kongo. Wazungu Burton na Speke waliotoka pwani katikati ya mwaka 1857 hawakufika Ujiji ila mwezi wa Februari 1858.

Kazi ya njia hiyo ilifanywa na mabega ya watu. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo kila kitu kilibebwa na wapagazi: nguo, shanga na waya wa shaba kwenda bara, pembe za ndovu kuja pwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, yaani kilo 30 hivi, mbali na chakula chake, chungu chake na mkeka wake. Mbele alitangulia kirangozi na bendera, na msafara ulimfuata mmoja nyuma ya mwingine katika kijia chembamba. Waliondoka alfajiri, wakapumzika jua lilipokuwa kali, na kwa siku walikwenda maili kumi hivi. Hawakukimbia. Mpagazi mzoefu alijua kwamba anayekimbia siku ya kwanza hubebwa siku ya nne. Wahenga wamesema, mwenda pole hajikwai.

Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa waungwana waliokwenda kwa ujira, na kwa kijana wa Kinyamwezi wa zama hizo kufika pwani na kurudi ilikuwa alama ya utu uzima. Na ni kwa miguu hiyo kwamba dini yetu iliingia bara. Hapakuwa na jeshi lililoipeleka Tabora wala Ujiji. Ilikwenda na wafanyabiashara waliotandika misala yao kambini wakati wa Sala, na wapagazi waliowatazama, wakauliza, wakafundishwa, wengine wakarudi makwao Waislamu. Mwislamu wa Tabora, wa Ujiji au wa Kondoa anaposimama leo kuelekea Kibla, chini ya Sala yake iko njia ile ya vumbi.

Tukiishia hapa tutakuwa tumesema kweli, lakini nusu ya kweli. Mwislamu hakuamrishwa kusema nusu. Katika njia hiyohiyo walipita watu wengine ambao hawakuchagua safari. Walifungwa shingoni kwa minyororo na kwa panda za miti, wanaume, wanawake na watoto, wakateremshwa pwani kuuzwa. Walioshindwa kwenda waliachwa njiani, na wengine waliuawa. Msafiri Livingstone, alipopita karibu na Mto Ruvuma mwaka 1866, aliandika kwamba alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti naye ameshakufa, na wenyeji wakamweleza kwamba hakuweza kwenda sawa na wenzake, na aliyemmiliki hakutaka apate kuwa mali ya mtu mwingine. Na miongoni mwa wenye misafara hiyo walikuwamo watu waliosali Sala tano. Hatuwezi kulificha jambo hili, wala haifai tulifiche. Sultani Barghash wa Unguja alifunga masoko ya watumwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922.

Hata jina la Bagamoyo limebeba maana hizi mbili. Wako wasemao ni pale mpagazi alipobwaga mzigo wake na moyo wake ukatua, kwani amefika. Wako wasemao ni pale mateka alipoubwaga moyo wake, kwani mbele yake ilikuwapo bahari na hakuna kurudi tena. Jina ni moja, njia ni moja, malengelenge ya miguu ni yaleyale. Kwa huyu safari ni heshima, kwa yule ni dhuluma. Ndiyo sababu tulisema mwanzo kwamba urefu wa njia na uchungu wa miguu si kipimo.

Sasa na tumtazame yule mwenzake Zaid. Katika karne hiyo ya 19 alizaliwa Manyema mtoto aliyekuja kujulikana kwa jina la Yahya bin Abdallah. Alitekwa akiwa mdogo, akaletwa Bagamoyo mtumwa. Mtoto wa Manyema hakuwa na njia nyingine ya kufika pwani ila ile: kuvushwa Ziwa Tanganyika kwa chombo, kisha Ujiji, kisha Tabora, kisha Ugogo, siku baada ya siku, kwa miguu ya kitoto. Akaingia katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, aliyekuwa Liwali wa Bagamoyo. Humo alisoma Kurani, akaendelea na elimu ya dini kwa masheikh wa mji huo, akafanya biashara, akafungua chuo, akasomesha. Watu wakamwita Sheikh Ramiya.

Alishika tarika ya Qadiriya, akawa khalifa wake mkubwa katika Bagamoyo. Mji ule uliomwona akiingia mateka, sasa ulimwona masharifu na watoto wa waungwana wakikaa mbele yake kujifunza. Na tarika ile ikaenea kuelekea bara kwa njia ileile ya misafara. Njia iliyomleta Yahya akiwa kitu cha kuuzwa ikarudishwa bara na dhikri ya Mwenyezi Mungu. Sheikh Ramiya alifariki mwaka 1931, miaka tisa baada ya sheria ya kufuta utumwa, na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, akakalia nafasi yake ya uongozi.

Tuwe waangalifu hapa, ndugu zangu. Pengine mtu atasema: Mnaona, ule utumwa ulikuwa kheri, kwani ulimleta kwenye elimu. Hasha! Dhuluma haigeuki kuwa haki kwa sababu Mwenyezi Mungu ametoa kheri ndani yake. Nduguze Nabii Yusufu hawakusamehewa kwa hoja kwamba Yusufu alikuja kuwa mkubwa wa Misri. Walisamehewa kwa sababu walikiri kosa, na kwa sababu yeye alikuwa mkarimu. Sheikh Ramiya hakukuzwa na mnyororo. Alikuzwa na subira yake, na bidii yake, na elimu ambayo Mwenyezi Mungu hakuifanya mali ya kabila wala ya nasaba. Na kwa kila Yahya mmoja aliyefika na kuinuka, walikuwapo wengine waliobaki njiani, ambao majina yao anayajua Mola wao peke yake.

Hao waliobaki njiani ndio wanaotufikisha kwenye kiini cha hotuba yetu.

Katika misafara ile, nani alikwenda nyuma? Mbele alikwenda kirangozi na bendera, na nyuma kabisa walikwenda wenye mali na watu wao wa bunduki. Walikaa nyuma ili mpagazi asitoroke, mzigo usipotee, na mateka asipate kupumzika. Kwa aliyechoka, mtu wa nyuma alikuwa ndiye hofu yake kubwa.

Sasa sikilizeni alivyosimulia sahaba Jabir bin Abdillah (R.A.). Amesema kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa na desturi ya kubaki nyuma anaposafiri na watu: akimsukuma mbele aliye dhaifu, akimpandisha nyuma yake asiye na kipando, na akiwaombea dua. Yeye ndiye kiongozi wa umma, naye ndiye aliyebaki nyuma. Kwa aliyechoka katika msafara wa Mtume, mtu wa nyuma alikuwa ndiye faraja yake kubwa. Na katika safari ya Badri, ngamia walipokuwa wachache, Mtume alipokezana ngamia mmoja na wenzake wawili. Walipotaka kumwachia apande yeye muda wote, alikataa. Aliwaambia kwamba wao hawakumzidi nguvu za kwenda, wala yeye si mtu asiyehitaji thawabu kama wanavyozihitaji wao.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya misafara miwili. Yote miwili ilikuwa na subira ya miguu. Mfanyabiashara wa watumwa naye alikwenda maili elfu, naye alivumilia jua, kiu na homa. Subira alikuwa nayo. Kilichokosekana ni huruma. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu katika Surat al-Balad ametupigia mfano wa mpando mgumu ambao mwanadamu haukabili, kisha akatueleza mpando huo ni nini: ni kumwacha huru mtumwa, na kumlisha siku ya njaa yatima wa karibu au maskini aliye katika vumbi. Kisha akawataja walioamini, wanaousiana subira, na wanaousiana huruma. Viwili hivyo ameviweka pamoja. Subira bila huruma humfikisha mtu mbali, lakini humfikisha pabaya. Huruma bila subira huchoka kabla ya adhuhuri.

Historia ya mji wetu imetuonyesha jambo hili mara nyingine. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912, na mwanzoni mwa mwaka 1914 ukafika Kigoma. Ikadhaniwa kwamba sasa mzigo umeondoka katika mabega ya mwanadamu. Miezi michache baadaye, mwaka uleule, ikaanza Vita Kuu ya Kwanza, na Wajerumani kwa Waingereza wakawashika watu kwa maelfu kwenda kuwabebea zana na vyakula misituni. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Waingereza waliliita jeshi lao la wachukuzi kwa jina ambalo ulimi wetu uliligeuza kuwa Kariakoo. Kila siku tunakwenda Kariakoo kununua vitambaa na vitunguu. Ni wangapi kati yetu hukumbuka kwamba jina hilo ni la watu waliobeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi wakaachwa njiani?

Ndugu Waislamu, msafara haujakwisha. Tuko ndani yake. Kila msikiti ni msafara, kila nyumba ni msafara, kila darasa ni msafara. Na swali litakaloulizwa si nani alitangulia tu, bali ni nani aliachwa nyuma, na aliyemwacha ni nani.

Tuanze na sisi tunaosalisha. Muadh bin Jabal (R.A.) aliwasalisha watu wake Sala ya Isha akasoma sura ndefu mno. Alikuwapo mtu aliyeshinda kazini na ngamia wake wa kunyweshea mashamba. Akashindwa kuvumilia, akajitenga akasali peke yake, na Muadh akamsema vibaya. Habari ilipofika kwa Mtume (S.A.W.), hakumkemea mfanyakazi yule. Alimkemea Muadh mara tatu, akimwuliza kama anataka kuwatia watu fitina, akamwamrisha asome sura fupi, kwa kuwa nyuma yake husali mzee, dhaifu na mwenye haja. Imamu wa Temeke akumbuke kwamba katika safu za nyuma yupo mtu aliyepakua magunia tangu asubuhi, naye amekuja kwa miguu. Kumhurumia huyo si kupunguza dini. Ndiyo dini yenyewe.

Kisha wenye nyumba. Tumezoea kuianza safari kwa kishindo. Ramadhani inapoingia, misikiti hujaa hadi barabarani. Mwezi wa Mfungo Mosi ukifika, safu mbili hazitimii. Huyo ni mpagazi anayekimbia siku ya kwanza. Bibi Aisha (R.A.) ametupokelea kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa kidogo. Rakaa mbili za kila usiku, ukurasa mmoja wa Kurani kila alfajiri, sadaka ya shilingi chache kila Ijumaa: huo ndio mwendo wa maili kumi kwa siku uliowafikisha watu Ujiji. Na katika nyumba yako mtazame aliye nyuma. Pengine ni mama mkwe mgonjwa. Pengine ni mtoto wa ndugu uliyemchukua kumlea, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Pengine ni binti wa kazi aliyetoka mkoani, ambaye hakuna aliyemwuliza kama anajua kusoma Alfatiha. Usiwe kwake mtu wa nyuma mwenye bunduki. Kuweni watu wa nyuma kwa mwendo wa Mtume.

Nanyi wanafunzi, Sheikh Ramiya ni hoja juu yenu. Asiseme mtu, mimi ni mtoto wa maskini, kwetu hakuna msomi, nimechelewa kuanza. Mtoto aliyeletwa pwani bila ya baba, bila ya mama na bila hata ya uhuru wa nafsi yake, alikaa chini akaanza na herufi za kwanza kama wengine. Na anayefahamu upesi darasani asimcheke anayefahamu pole pole. Amshike mkono. Elimu haipungui kwa kugawanywa, na aliyemsubiri mwenzake njiani hakuchelewa kitu mbele ya Mwenyezi Mungu.

Mwisho, sisi ambao Mwenyezi Mungu ametujaalia gari au kipato. Tunapompita mzee mwenye mzigo katika Barabara ya Kilwa na jua limewaka, tukumbuke kwamba Mtume alimpandisha nyuma yake asiye na kipando. Aliyeajiri watu asiwacheleweshee ujira wao, kwani Mtume ametuamrisha tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na ujira uliocheleweshwa leo ndio nauli iliyokosekana kesho. Usimkate mshahara aliyechelewa kabla hujamwuliza alikuja kwa nini. Huenda alikuja kwa miguu yake.

Ndugu zangu, mpagazi wa zamani alipofika Bagamoyo aliubwaga mzigo akatulia. Sisi Bagamoyo yetu iko mbele, na hakuna ajuaye imebaki masiku mangapi. Na twendeni, basi. Twende pole pole, twende kila siku, wala tusifurahie kufika peke yetu.

Ewe Mola wetu, zithibitishe nyayo zetu katika njia iliyonyooka. Uziandike hatua za wazee wetu na za wenye kazi nzito. Uwarehemu waliokufa njiani, wenye minyororo na wenye mizigo, ambao hakuna aliyewazika wala aliyewaombea. Usitujaalie kuwa sababu ya mtu yeyote kukata tamaa ya rehema yako. Tufikishe sote, wa mbele wetu na wa nyuma wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.